Je, Mchezaji Aliyestaafu Arudi Uwanjani?

Kazi nyingi humruhusu mtu azeeke nazo. Mwalimu mwenye mvi huheshimiwa darasani, na fundi wa majahazi hutafutwa zaidi kadiri miaka yake inavyoongezeka. Kazi ya mchezaji wa kulipwa haina huruma hiyo. Katika mpira wa kikapu mtu wa miaka 38 huitwa mzee, ijapokuwa nyumbani kwao angali akiitwa kijana. Magoti hulegea, pumzi hupungua, na siku moja hutangaza kuwa ameuacha mchezo. Akiisha kuuacha, kisha hamu ya kurudi ikamsumbua, je, ni vema arudi?

Wako wasemao kuwa si vema. Kwao sifa ni kama kanzu nyeupe: aliyekwisha kuifua na kuikunja asiivae tena kwenda nayo shambani. Hutoa mfano wa Michael Jordan wa Marekani, aliyetwaa ubingwa mara sita na timu ya Chicago Bulls, akastaafu mwaka 1999. Mwaka 2001 alirudi, akaichezea Washington Wizards misimu miwili. Goti lilimtaabisha, na timu yake haikufuzu hata mara moja kuingia katika michuano ya kuwania ubingwa.

Hoja hii ina upendo ndani yake, lakini ina choyo pia. Inataka mtu aliye hai awe sanamu, ili sisi watazamaji tubaki na kumbukumbu isiyo na doa. Kushindwa kwa mwaka 2002 hakukufuta ushindi wa mwaka 1998. Tena, Februari 2003, siku nne baada ya kutimiza miaka 40, Jordan alipata alama 43 katika mchezo mmoja. Kabla yake hakuna mtu wa umri huo aliyefikisha hata alama 40 katika ligi ile.

Pengine kurudi huwa na faida ipitayo alama. Magic Johnson alistaafu mwaka 1991 alipojua kuwa ana virusi vya UKIMWI. Mwaka uliofuata alitaka kurudi katika ligi, lakini baadhi ya wachezaji walionyesha hofu, naye akajitoa kabla msimu haujaanza. Mwaka 1996 alirudi, akiwa na miaka 36, akacheza michezo 32 ya msimu. Wepesi wake wa zamani ulikuwa umepungua, lakini watu waliona kwa macho yao kuwa mwenye virusi aweza kufanya kazi bega kwa bega na wenzake.

Hata hivyo, liko swali zito kuliko la sifa, nalo ni la haki. Timu huwa na watu watano tu uwanjani. Mzee akiingia, kijana mmoja hukaa. Mzee akipata nafasi hiyo kwa nguvu za leo, kijana hakudhulumiwa. Ameshindwa, naye atajifunza. Lakini akiipata kwa jina la jana, kwa kuwa jina hilo hujaza viti na kuuza tiketi, kijana amenyang'anywa haki yake. Hapa Jordan alisimama pembezoni mwa hatari. Kabla ya kurudi alikuwa mkuu wa shughuli za mpira katika timu ileile ya Washington, na mwalimu wa timu aliajiriwa chini ya uongozi wake. Ni vigumu kwa mwalimu wa namna hiyo kumwambia bwana wake wa jana, "Leo kaa."

Basi umri usiwe kizuizi, wala sifa isiwe kibali. Anayetaka kurudi na arudi, maadamu yuko mtu mwenye uwezo wa kumpima kama wapimwavyo wengine, naye mwenyewe yu tayari kulikubali benchi bila kinyongo. Asiyeweza kukubali hilo hakurudi kucheza; amerudi kudai deni, na uwanja haudaiwi na mtu.