Matege Si Jini



Wengi katika watu wa pwani wana watoto na wajukuu Nairobi, kwa hivyo khabari hii yatuhusu sote.

Mwezi wa Julai, baada ya sala ya Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, kijana mmoja wa kwetu alinichukua nyumbani kwake Kawangware nikamsomee mwanawe. Mtoto ana miezi kumi na minane na hajasimama. Miguu imepinda, vifundo vya mikono vimevimba. Amefungwa hirizi mbili, na mama yake ameambiwa kuwa amechezewa na jini. Nilimwombea dua, kwani dua ni ibada. Kisha nikauliza mtoto huota jua wakati gani. Mama akajibu: "Sheikh, huku ni baridi, na mlango wetu watazama ujia wa giza."

Hapo ndipo penye ugonjwa. Matege ya namna hii aghlabu huletwa na upungufu wa vitamini D, ambayo mwili huifanya wenyewe ngozi ipigwapo na jua. Ikikosekana, kalsiamu ya chakula haiingii mwilini kama itakiwavyo, na mifupa hubaki laini ikapinda kwa uzito wa mtoto. Watabibu wamewaona watoto kama hawa katika mitaa iliyobanana ya Nairobi, na mji wenyewe uko karibu na Ikweta! Jua lipo, watoto ndio wasiotolewa. Na jua lipitalo katika kioo cha dirisha halifai kwa jambo hili, basi matajiri wa Lavington nao wasijidhani wamesalimika.

Maziwa ya mama hayana badala, lakini vitamini hii ndani yake ni chache, khasa mama naye akiwa haoni jua. Sitara haikatazi jua: wazee wetu walijenga nyumba zenye ua. Asiye na ua na apande darini. Mwaka 2016 mabingwa wa nchi nyingi waliafikiana kuwa kila mtoto mchanga apewe vipimo 400 kwa siku mpaka atimize mwaka, hata akinyonya.

Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tujitibu. Hakutuamrisha tufunge nyuzi.

Jumatatu mtoto alipelekwa kwa tabibu, akapewa dawa ya matone. Hirizi nilizikata mwenyewe kwa idhini ya baba yake. Bibi yake, aliye Lamu, hajanisamehe mpaka leo.