Kuacha si Kuachia

Kuanzia tarehe 18 Desemba hivi, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi hufurika watu wanaoelekea Kilimanjaro. Sisi Wachaga tunaoishi Dar es Salaam tuna ada hiyo, na tunaishika kuliko ada nyingine nyingi: sikukuu huliwa nyumbani, na nyumbani ni migombani, kilomita 550 hivi kutoka kwenye geti ninalolifunga kwa kufuli kila mwaka. Wiki mbili nzima huwa ni pilikapilika. Tiketi hukatwa mapema. Kitenge cha bibi, sukari, mchele, viatu vya watoto, kila kimoja kina mtu wa kukikumbuka. Kisha siku ya safari, saa 10 alfajiri, bajaji iko nje na mabegi yamekwisha kupakiwa, mmoja wetu huuliza: "Na mbwa je?"

Jibu huwa tayari: "Tumemwachia yule kijana."

Neno hilo limenisumbua kwa muda sasa. Kuacha na kuachia vimetenganishwa na irabu moja tu, na irabu hiyo ndiyo inayomwingiza mtu wa tatu. Ukisema umemwacha mbwa, pana anayeondoka na anayebaki, basi. Ukisema umemwachia mtu mbwa, umedai kwamba yupo aliyempokea, kwamba alikubali, na kwamba anajua alichokikubali. Nyumba nyingi ninazozifahamu, yangu ikiwa ya kwanza, husema neno la pili zikiwa zimetenda la kwanza. Watoto wanasikia, na wanaona.

Najua atakuwapo wa kucheka kwamba jambo hili naliita malezi. Kwa Kiswahili mbwa hufugwa, halelewi, na methali zetu hazimpendelei. Mcheza na mbwa, tunaambiwa, humwingia msikitini. Sina nia ya kumfanya mbwa kuwa mtoto. Ninayemfikiria ni mtoto anayemtazama mzazi wake akiwa mbele ya kiumbe kisichoweza kumdai chochote. Mtoto wa miaka 8 haoni namna baba anavyolipa mkopo wa benki, wala namna mama anavyotunza fedha za kikundi. Bakuli la mbwa analiona kila siku. Ndani ya ua ule mbwa ndiye pekee aliye chini yake, na hapo ndipo anapojifunza jinsi wenye nguvu wanavyowatendea wasio nazo siku ambayo wema unawachelewesha safari.

Miaka mitano iliyopita nilimwachia mbwa wetu, Simba, kijana wa mtaani anayetufyekea majani. Nilimpa fedha yake yote taslimu, sembe kilo 10, mfuko wa dagaa, nikamwonyesha bomba lilipo na kumpa ufunguo wa geti. Mazungumzo hayakuzidi dakika tano, na sehemu ya dakika hizo nilikuwa na simu sikioni. Simba nilimfunga kwa mnyororo nyuma ya nyumba, penye kivuli cha mwembe, nikapanda basi nikiwa na amani kabisa. Siku ya tatu kijana alipigiwa simu ya msiba kwao Lindi. Alikwenda, kama ambavyo mtu yeyote mwenye utu angekwenda. Alinipigia mara kadhaa. Simu yangu ilikuwa imezima chaji, nami niko kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, nakata ndizi. Namba ya pili sikumwachia.

Aliyemwokoa Simba ni mzee jirani yetu, mtu wa swala tano, ambaye katika miaka sita ya kuishi ukuta kwa ukuta hajawahi kumsogelea mbwa yule hata kwa hatua tatu. Alimsikia akilia usiku. Geti limefungwa, na namba yangu hana (hilo nalo ni la kujiuliza, miaka sita). Basi alipandisha mpira wa maji juu ya ukuta akalijaza beseni lililokuwa karibu na mwembe, asubuhi na jioni, na kila alipopata vichwa vya samaki alivirusha upande wetu. Alifanya hivyo siku tisa. Tuliporudi mnyororo ulikuwa umemchubua Simba shingo mpaka kwenye nyama, na mbavu zake zinahesabika.

Nilikwenda kumshukuru mzee nikiwa na binti yangu. Tulimwamkia, akaitikia, akatupa nafasi barazani. "Mwanangu," akaniambia, "mimi mbwa wako simgusi. Lakini kiu yake naisikia." Kisha akamgeukia binti na kumsimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim: alimfungia paka, hakumlisha, wala hakumwachilia akajitafutie wadudu wa ardhini. Mzee alirudia jambo moja mara mbili. Mwanamke yule hakutajwa kuwa alimpiga paka. Alimfungia tu, na maisha yake yakaendelea.

Tulipokuwa tunarudi kwetu, mwendo wa hatua chache, binti aliniuliza: "Baba, ilikuwa zamu ya nani?" Nikamwambia ilikuwa zamu ya kijana. "Kijana alikuwa msibani," akasema. Alikuwa na miaka 8. Sikuwa na jibu jingine.

Ningeweza kumlaumu kijana, na nadhani baba wengi wangefanya hivyo, mbele ya watoto, kwa sauti. Lakini kijana alikuwa mtu mwema, na leo ni yeye yule tunayemwachia Simba. Nilimkabidhi fedha nikadhani nimemkabidhi mbwa. Mtu anayepokea dhamana anahitaji kujua itakuwaje akishindwa, amwambie nani, na nani atakamata kamba yeye akiiacha. Mimi sikumpa nafasi ya kushindwa kwa heshima.

Sasa tunafanya tofauti, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimewapa watoto kwa makusudi. Kijana huja Jumapili mbili kabla ya safari. Anamlisha Simba kwa mkono wake sisi tukiwapo, anazunguka naye ua mzima. Mbwa aliyezoeshwa mwaka mzima kumzuia mgeni hawezi kubadili tabia kwa sababu tu tajiri yake amepanda basi. Na mtunzaji anayemwogopa mbwa humrushia chakula kutoka mbali. Jeraha halioni, kupe hawaoni, beseni lililopinduka haliinui. Mnyororo tuliutupa. Ua una ukuta, na siku tusipokuwapo Simba hulala huru.

Maji ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kila pumzi huondoka na maji. Desemba ya Dar es Salaam haina huruma, na beseni moja linaweza kupinduliwa saa 3 asubuhi na mbwa akakaa mkavu mpaka jioni. Tunaweka matatu, moja likiwa la saruji lisilopinduka. Chakula nacho kina mitego yake wakati wa sikukuu, maana mtunzaji mkarimu humletea mbwa mabaki ya pilau. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Kitunguu, ambacho hakuna mchuzi wetu unaopikwa bila hicho, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti ya watoto ni sumu kwake. Kijana hakuwa akijua hayo, na mimi pia sikuwa nikijua mpaka bwana mifugo aliponieleza alipokuja kusafisha kile kidonda cha shingo.

Kuna pia chanjo, na hapo wajibu unatoka nje ya geti langu. Ukimwachia mtu mbwa asiyechanjwa, umemwachia hatari ndani ya nyumba yake na watoto wake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Asilimia 99 ya binadamu wanaokipata hukipata kutoka kwa mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15. Sindano haichomwi asubuhi ya safari. Mwili wa mbwa unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga. Wanaopeleka mbwa Ulaya, kwa mfano, hutakiwa kusubiri siku 21 baada ya chanjo ya kwanza. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi chanjo hutangazwa mitaani karibu na siku hiyo. Anayeishi kwa kalenda ya Desemba afikirie Septemba. Kijana wetu anajua pia kwamba akikwaruzwa au kung'atwa, kidonda huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huyo hospitali, hata kama kadi ya mbwa ni safi.

Kwa wenye uwezo, Dar es Salaam na Nairobi kuna mahali pa kulaza mbwa kwa malipo ya kila siku. Kipimo changu kwao ni kimoja: wakimpokea mbwa bila kuuliza kadi ya chanjo, mrudishe nyumbani.

Watoto wanaingia wapi? Mdogo wetu ana miaka 6, kazi yake ni kuosha bakuli na mabeseni jioni ya mwisho. Wa kati hupiga hesabu: vikombe viwili vya unga kwa siku, kwa siku 14, ni vikombe 28, pamoja na dagaa, na akiba ya siku tatu kwa kuwa mabasi ya kurudi Januari hujaa. Binti mkubwa, ambaye sasa ana miaka 13, huandika karatasi. Mimi na mama yao ndio tunaochagua mtu, tunaolipa, na tunaojibu likitokea jambo. Mgawanyo huo siubadilishi. Nimewasikia wazazi wakimwambia mtoto wa miaka 10, "Mbwa ulimtaka wewe, utajua mwenyewe," wakidhani wanafundisha uwajibikaji. Mtoto hana fedha, hana simu, hana sauti ya kumwamrisha mtu mzima. Kumbebesha zigo hilo ni mzazi kukimbia huku akijiita mkali.

Malipo nayo watoto wanayaona. Kijana hupewa nusu tunapoondoka na nusu tunaporudi, kwa kiwango kile kile ambacho ningemlipa mtu wa kulinda, kwa sababu hiyo ni kazi na ni wakati wa sikukuu yake pia. Zamani nilimlipa kama mtu anayenifanyia fadhila, na fadhila haina saa ya kufika.

Sasa niseme lililonichoma kuliko yote. Mwaka wa kwanza tulipokaa mezani kuandika karatasi ya Simba, ukurasa ulijaa: anakula saa ngapi, anaogopa nini (fataki za usiku wa mwaka mpya), dawa ya minyoo alipewa lini, namba ya bwana mifugo, namba yangu, namba ya mama, namba ya shangazi. Binti aliusoma, akauliza kama na dada ana karatasi. Alimaanisha dada wetu wa kazi, ambaye mara tatu mwaka huo alikuwa amebaki na wanangu usiku, mimi nikiwa safarini kikazi na mama yao akiwa zamu ya hospitali. Mwana wetu wa kati ana pumu. Dada alijua kuna kitu cha kuvuta. Hakujua kiko droo gani, wala avutishwe mara ngapi, wala ni lini aache kuvutisha na kutafuta gari. Hakuna aliyemwambia. Tulimwachia watoto kwa mtindo ule ule, mlangoni, funguo mkononi, simu sikioni, na kwa sababu hakukutokea msiba tuliita jambo hilo kuaminiana.

Jioni ile ile tuliandika karatasi ya pili. Dada aliisoma kwa sauti, akauliza maswali manne, na mawili kati ya hayo hatukuwa na majibu yake mpaka tulipokwenda kliniki. Kijana wa mbwa, nilikumbuka, hakuwahi kuniuliza swali hata moja mwaka ule wa Lindi. Nilidhani ni kwa sababu ameelewa.

Mwaka huu tunaondoka tarehe 20. Simba alichanjwa Septemba. Kijana amekwisha kuja Jumapili zote mbili, na karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa stoo. Chini kabisa, baada ya namba ya shangazi, binti ameongeza namba ya mzee jirani, aliyoiomba mwenyewe barazani kwake, na mbele yake ameandika kwa mwandiko wake wa shule: "Maji tu. Hamgusi."