Mchungaji Asiyekimbia

Wapendwa wakatekumeni, vita vikiingia mjini, na askari waliowekwa kulinda watu wakatoroka, watu hubaki wamesimama kwa nguvu gani? Sikieni habari ya Bukavu.

Mwisho wa mwezi wa Oktoba 1996, askari kutoka Rwanda pamoja na waasi wa Kongo waliushambulia mji huo. Askari wa Zaire waliwanyang'anya watu mali, kisha wakakimbia. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alibaki. Hakuwa na silaha yoyote. Alikuwa amewatetea wenyeji na wakimbizi wa Rwanda vilevile, jambo ambalo halikuwapendeza wote. Na katika siku zile za hofu aliwaomba watu watulie, wadumu katika mapendo. Tarehe 29 Oktoba aliuawa njiani, na mwili wake ukalala palepale hata kesho yake. Ninyi mmekwisha kufundishwa habari ya mtu wa mshahara, anayemwona mbwa mwitu akawaacha kondoo. Watu wa Bukavu walimwona kwa macho yao mchungaji wa namna nyingine.

Waliomwua labda walidhani kwamba kundi litatawanyika. Halikutawanyika. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1998, mji ukawa chini ya waasi walioungwa mkono na Rwanda, na mahali pa marehemu palikuwa amekaa Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Kwa Noeli ya 1999 aliwaandikia waamini barua: akataja waziwazi wageni wanaopora nchi na ndugu Wakongo wanaowasaidia, akawaita wote kwenye ujasiri wa Injili, hata kama ungeleta mateso.

Neno la namna hiyo huhitaji mahali pa kukaa. Huko Kivu lilipata mashirika, ndiyo makundi madogo ya wakristu jirani wanaosali pamoja. Humo hujulikana nani mgonjwa, nani amefiwa, na mtoto wa nani amelala na njaa. Hata maskini huchanga kidogo chake. Askari huweza kuuteka uwanja wa ndege kwa siku moja, lakini jambo hili hawajui walikamate wapi.

Mwezi wa Februari 2000 wakubwa wa waasi walimkataza Kataliko kukaa Bukavu, wakampeleka Butembo. Waamini hawakunyamaza. Mwezi wa Septemba aliruhusiwa kurudi, na watu wakajaa njiani kumpokea. Alikaa nao siku chache tu. Tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki Roma.