Sura, Kadi na Hatia: Melodrama za Uhalifu za Sinema Bubu Zikitazamwa Kutoka Garissa

Makala haya yanakusudia kulijadili swali moja la kimaadili: je, ni halali kumjua mhalifu kwa sura yake? Huenda swali likaonekana la kitoto kwa msomaji ambaye sura yake haijapata kumgharimu chochote. Kwa mkazi wa Garissa, Wajir au Mandera si la kitoto hata kidogo. Tumechagua kulipitisha swali hili katika melodrama za uhalifu za enzi ya sinema bubu kwa sababu utanzu huo ulilijibu kwa ujasiri ambao tanzu nyingine hazikuwa nao, na aghalabu ulilijibu vibaya.

Peter Brooks, katika The Melodramatic Imagination (1976), anashikilia kuwa melodrama ni sanaa ya kuyafanya maadili yaonekane. Wema na uovu havibaki moyoni. Sharti vijitokeze katika mkao wa mwili, ishara ya mkono na jicho. Brooks anaonyesha pia jinsi utanzu huu ulivyoupenda ububu tangu ulipokuwa jukwaani. Sinema ya mwanzo haikuwa na hiari katika jambo hili, kwani sauti haikuwapo. Chukua The Penalty (1920), ambamo Lon Chaney anaigiza jambazi mkuu wa San Francisco aliyekatwa miguu utotoni kwa kosa la daktari. Mwishoni anapasuliwa kichwa, donge la damu linaondolewa ubongoni, na papo hapo anakuwa mtu mwema. Uigizaji wa Chaney ni wa kustaajabisha, lakini hoja iliyojificha humo inatisha: uovu ni kitu cha mwilini, na mwenye macho anaweza kuuona kabla mtu hajatenda lolote.

Kuna mbinu nyingine ya sinema bubu isiyopewa uzito unaostahili, nayo ni kadi ya maandishi. Mhusika ananena, midomo inacheza, ila hatumsikii. Kisha picha inakatwa na kadi inatokea ikitueleza alichosema. Kadi hiyo hakuiandika yeye. Anayeshutumiwa anaweza kulia, kuapa na kunyoosha mikono, lakini hatia yake itategemea mkono wa mtu mwingine kabisa.

Kaskazini Mashariki imeishi muda mrefu chini ya kadi za namna hiyo. Neno shifta, lililotujia kutoka Ethiopia, liliandikwa juu ya eneo zima baada ya hali ya hatari kutangazwa Desemba 1963. Vita vilimalizika mwaka 1967, lakini neno lilibaki, na sheria za hali ya hatari hazikufutwa hadi 1991. Februari 1984 wanaume wa ukoo mmoja walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, wakavuliwa nguo na wengi wao wakauawa. Hakuna aliyekuwa ameulizwa binafsi alichotenda. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57, hesabu ambayo manusura hawakuikubali kamwe. Kisha Novemba 1989 ikatangazwa kwamba Wakenya wenye asili ya Kisomali watachujwa, na atakayethibitishwa kuwa raia atapewa kadi ya rangi ya waridi. Hapa sitii chumvi wala situmii istiari: ilikuwa kadi hasa, na mtu hakuweza kujisemea bila hiyo.

Atatokea mhakiki aseme kwamba uhalifu upo, na kwamba ulinzi hauwezi kungoja falsafa. Pingamizi hili ni zito, na mtu anayeandika kuhusu Garissa hana haki ya kulipuuza. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Hata hivyo, tulitazame tukio lenyewe. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake, chifu katika Kaunti ya Mandera, alikuwa ameiarifu serikali kwamba mwanawe ametoweka. Sura na elimu ya kijana yule havikumwonya mtu. Kilichoweza kuonya ni neno la mzazi aliyefika mwenyewe kusema. Isitoshe, wauaji nao walichuja: waliwatenga Waislamu na Wakristo kwa kuuliza na kutazama, kama ilivyofanyika Novemba 2014 katika basi lililotoka Mandera, ambamo watu 28 waliuawa. Kwa hiyo kusoma hatia katika alama za nje si silaha ya mlinzi peke yake. Muuaji anaitumia vilevile, na kwa wepesi zaidi, maana yeye hatafuti ushahidi.

Je, basi, utanzu huu utupwe? La. Zipo kazi za enzi hiyohiyo zilizougeuza dhidi ya tabia yake, nami ningependa wanafunzi wetu waanze na hizo. Fantômas ya Louis Feuillade (1913-1914) hufungua kwa kumwonyesha René Navarre akibadilika kutoka sura moja hadi nyingine. Mhalifu hana uso mmoja wa kukamatwa nao. The Lodger ya Alfred Hitchcock (1927) inamweka mpangaji mgeni katika ukungu wa London, ikatufanya tumshuku kwa mavazi na ukimya wake, kisha ikatuonyesha umati ukimwandama akiwa na pingu ilhali muuaji halisi amekwisha kukamatwa kwingine. Aibu inayotupata hapo ni ya kwetu, watazamaji. (Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye kazi yake ni kupima ushahidi.)

Iliyo bora zaidi kwa hoja yetu ni Within Our Gates ya Oscar Micheaux (1920). Landry, mkulima Mweusi, anakwenda kulipa deni lake kwa mwenye shamba. Mzungu fukara mwenye kinyongo anampiga risasi mwenye shamba kupitia dirishani, na mtumishi mchongezi anatangaza kwamba muuaji ni Landry. Umati unamnyonga Landry na mkewe, na kabla ya hapo umekwisha kumgeukia mchongezi mwenyewe. Micheaux haishii hapo. Anatuonyesha pia kisa kama gazeti lilivyokisimulia, Landry akiwa mlevi na katili. Picha mbili, mtu mmoja. Sisi tunajua ipi ni ya kweli, wasomaji wa gazeti hawajui. Historia ya sinema yenyewe nayo inashangaza. Ilipotea kwa miongo mingi, ikapatikana Uhispania kwa jina la La Negra, kadi zake zikiwa za Kihispania. Ilipokarabatiwa mwaka 1993 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ilibidi maneno ya wahusika yarudishwe katika Kiingereza kutoka Kihispania. Yaani hata Landry tunayemwona leo ananena kwa tafsiri ya tafsiri.

Pamoja na hizi ningeiweka sinema fupi yenye sauti, Watu Wote ya Katja Benrath (2017), inayotokana na tukio la Desemba 2015 katika Kaunti ya Mandera. Washambuliaji walilisimamisha basi na kuwataka Waislamu wajitenge. Abiria walikataa, na baadhi yao walikuwa wamewavisha wenzao Wakristo hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Katika sinema za Feuillade maleba ni chombo cha mhalifu, na polisi mwema ni yule anayemvua. Ndani ya basi lile maleba yalivaliwa na wasio na hatia, na aliyetaka kuwavua ndiye muuaji. Sijaona melodrama yoyote ya enzi ya sinema bubu iliyofika hapo. Ningependa mwanafunzi atazame Fantômas jioni moja na Watu Wote jioni ya pili, kisha aandike mwenyewe kadi ambayo angeiweka chini ya uso wa yule mwanamke aliyefunikwa hijabu isiyo yake, wakati mlango wa basi unapofunguliwa.