Maji Yako Yanaenda kwa Nani?

Masomo ya kusoma nyumbani: Ezekieli 34:17–22, Kutoka 21:33–34, Mathayo 18:15, Wafilipi 2:4



Juma hili nataka tufikirie swali ambalo hatuliulizi sana kanisani, kwa sababu halifanani na dhambi tulizozoea kuzitaja. Wizi tunajua ni dhambi. Uongo tunajua ni dhambi. Lakini je, mtu akiondoa shida kwake, na shida hiyo ikaenda kumwangukia mwingine, amekosea? Hajaiba. Hajadanganya. Amesafisha tu mahali pake. Sasa kosa liko wapi, kama lipo?

Mimi ni mfugaji wa kondoo huku Kinangop, na swali hili nimelipata kwenye barabara ya kuingia shambani. Wengi wenu ni wakulima, mtanielewa upesi. Wale wa mjini mnivumilie kidogo.

Kazi ya kondoo haina makeke. Asubuhi tunawahesabu wakitoka zizini. Tunaangalia nani anachechemea, nani ana mkia mchafu, nani amebaki nyuma. Mimba ya kondoo ni kama miezi mitano, kwa hiyo tunapanga mapema ili wasizae kwenye ile baridi kali ya Julai. Mtoto akizaliwa ni lazima anyonye dang'a katika saa za kwanza, la sivyo anaingia duniani bila kinga. Na kwa udongo wetu huu unaoshika maji kama sufuria, kinachotusumbua zaidi ni kwato. Kondoo akisimama kwa matope siku nyingi, ngozi iliyo kati ya kwato inalainika, ugonjwa unaingia, kwato zinaoza na kunuka. Mwisho unamwona anakula akiwa amepiga magoti. Tunakata kwato, tunawapitisha kwenye maji yenye dawa ya zinki salfeti, lakini ukishawarudisha kwa matope yale yale, umefanya kazi bure.

Kwa hiyo barabara ya shamba si mapambo. Hapo ndipo kondoo wanapita mara mbili kwa siku. Hapo ndipo daktari wa mifugo anapita na pikipiki yake usiku kondoo akishindwa kuzaa. Ikikatika, unaweza kupoteza mama na mtoto kwa usiku mmoja, na daktari yuko kilomita moja tu kutoka kwako, amekwama.

Baada ya masika yaliyopita barabara yetu ilikuwa imechimbika vibaya, tukakaa chini tuitengeneze. Watu wengi hudhani dawa ya barabara ni changarawe. Mwaga lori mbili, sambaza, umemaliza. Mvua ya kwanza inazoa yote. Adui wa barabara ni maji, si magurudumu. Ni lazima katikati painuke kidogo ili maji yamwagike kando, kando kuwe na mitaro, na kila baada ya hatua kadhaa kuwe na mtaro mdogo wa kuyachepusha kabla hayajapata nguvu. Hata kondoo wenyewe huchangia. Wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, wanakanyaga kijia, kijia kinakuwa mfereji, na mfereji ukipata mvua mbili tatu unakuwa korongo.

Lakini ukisema "ondoa maji," umesema nusu tu. Nusu ya pili ni hii: yaende wapi?

Kijana mmoja wa kibarua, mchapa kazi kabisa, aliweka sururu begani akaniambia, "Mzee, mbona tujisumbue? Tukate mtaro mmoja hapa, uteremke mpaka kwa ua. Siku mbili tumemaliza." Alikuwa na akili. Mteremko ulikuwa unaelekea huko, na gharama ilikuwa ndogo. Ila upande wa pili wa ule ua kuna mama mjane mwenye nusu ekari ya viazi. Hiyo nusu ekari ndiyo karo ya watoto wake.

Nikamuuliza, "Na yule mama?"

Akacheka kidogo. "Mzee, maji ni ya Mungu. Si hata yeye atayateremsha kwa mwingine? Na sisi si tunaletewa na yule wa juu?"

Wapendwa, ndani ya maneno hayo machache kuna hoja mbili, na ninaomba tusizipuuze, kwa sababu hata sisi tuliookoka tunaziishi kila siku.

Hoja ya kwanza: maji ni ya Mungu na kawaida yake ni kuteremka.

Ni kweli. Hakuna mtu aliyeumba mteremko. Lakini angalia vizuri. Mvua Mungu huitawanya. Inaanguka tone tone juu ya shamba lote, nyasi zinaipunguza kasi, udongo unakunywa, na inayobaki inateremka polepole. Aliyeikusanya pamoja na kuielekeza mahali pamoja ni mwenye mtaro. Maji yaliyokuwa yanafika kwa yule mama kama shuka nyembamba yangefika kama shoka. Mvua ni ya Mungu, ndiyo, lakini mtaro ni wangu. Siwezi kuchimba kwa mikono yangu halafu niandike jina la Mungu juu yake.

Na kuna jambo lingine la kuogopesha. Yule mama hangejua ni mimi. Angeamka asubuhi, akute viazi vimezolewa, aseme, "Mvua ya mwaka huu imekuwa mbaya." Pengine angekuja kwa maombi ya Jumatano, tukamwekea mikono, tukamwombea Mungu amrudishie kilicholiwa na nzige. Na nzige ameketi kiti cha mbele, na nyimbo anaziimba vizuri. Madhara mengi ya dunia hii yanafanyika hivyo, bila alama ya kidole. Yanapita ndani ya kitu cha kawaida, kama maji, kama bei, kama utaratibu wa kazi, na aliyeyatuma halali vibaya hata usiku mmoja.

Torati ilijua jambo hili. Katika Kutoka 21, mtu akichimba shimo akaliacha wazi, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo analipa. Haulizwi kama alikusudia. Haulizwi kama alimchukia jirani. Anaulizwa tu: shimo ni la nani?

Hoja ya pili ni nzito zaidi: sisi pia tunaletewa na yule wa juu.

Hii nayo ni kweli. Jirani wetu wa juu amekata mtaro wake, na mlango wake uko kwenye kona ya shamba letu. Sehemu kubwa ya maji yaliyoharibu barabara yetu hayakunyesha kwetu. Sasa, je, kwa kuwa nimedhulumiwa kutoka juu, si ni haki niyapitishe tu? Mimi ni njia, si chanzo!

Hapa nataka tusimame. Maneno "mimi nimepokea tu" ni ya zamani sana. Kule Edeni, Adamu alimnyooshea Hawa kidole, Hawa akamnyooshea nyoka. Kila mmoja alisema ukweli, na kila mmoja alikuwa na hatia. Bosi anamfokea msimamizi, msimamizi anamfokea mfanyakazi, mfanyakazi anafika nyumbani anamfokea mkewe, mama anamzaba kofi mtoto, mtoto anampiga paka teke. Uliza kila mmoja, atakuonyesha mtu wa juu yake. Na hatadanganya.

Jibu nililolipata ni hili. Deni la jirani wa juu halilipwi na jirani wa chini. Kama yule wa juu amenikosea, basi kuna jambo kati yangu na yeye. Mathayo 18 inanituma kwake, mimi na yeye peke yetu. Hainitumi kwa mjane. Yule mama hakunikosea chochote. Nikimpelekea yale maji, sijalipiza kisasi hata kidogo. Aliyenikosea amelala salama, na asiyenikosea ndiye anayelia. Tunamchagua wa chini kwa sababu moja tu: kumwendea wa juu ni mlima, na kumwendea wa chini ni mteremko.

Somo letu la Ezekieli 34 linasema wazi. Mwanzoni mwa sura hiyo Mungu anawashtaki wachungaji wabaya, na sisi washirika hupenda kuisoma tukimwangalia mchungaji. Lakini kuanzia mstari wa 17 mambo yanageuka. Mungu anahukumu kati ya kondoo na kondoo! Na wale walionona hawashtakiwi kwa kunywa. Kunywa maji safi si kosa. Wanashtakiwa kwa sababu, baada ya kushiba, waliyavuruga kwa miguu yao yale yaliyobaki, na wenzao wakanywa matope. Mimi ninayefuga kondoo nimeliona hilo kwenye birika. Kondoo haingizi miguu majini kwa chuki. Anaingiza kwa sababu ameshiba na haangalii nyuma. Basi Mungu anawataka kondoo wake waangalie nyuma.

Tulifanya nini basi? Tulikata mitaro midogo mingi badala ya mmoja mkubwa, maji yakatawanyika kwenye malisho yetu wenyewe. Ndani ya mitaro tuliweka vizuizi vya mawe ili kupunguza kasi. Pale chini kabla ya ua tulichimba bwawa dogo, mita 4 kwa 3, na kwa sababu ya ile sheria ya shimo tukalizungushia ua, maana watoto wa kondoo na watoto wa majirani hawaoni hatari. Changarawe ilikuja mwisho kabisa. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku tisa, na ilibidi tuuze kondoo wawili ambao hatukuwa tumepanga kuuza. Nayasema haya makusudi, kwa sababu haki mara nyingi ina risiti, na asiyetaka kuona risiti asijidanganye kuwa anaitaka haki.

Na msifikiri kila kitu kilikaa sawa. Mvua kubwa ya pili ilijaza bwawa, maji mengine yakavuka. Maji hayawezi kuzuiliwa yote. Lakini nilienda kwa yule mama mapema, tukatembea pamoja kwenye ua, tukakubaliana pa kupitishia yanayozidi, kukapandwa nyasi za nepia kupunguza nguvu. Kwa hiyo sidai kwamba Mkristo asiruhusu hata tone kumfikia jirani. Ninachodai ni kwamba lisifike likiwa na nguvu kuliko Mungu alivyolituma, na lisifike kwa siri. Jirani wa juu nilimwendea pia. Alinisikiliza, akaahidi. Bado tunangoja. Nitarudi tena.

Wazee wetu wa huku juu wanajua kwamba maji ya mlimani hayapotei. Yanateremka bondeni na kukuta watu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli yalipasuka yakashuka juu ya watu waliolala, na zaidi ya watu 40 wakafa. Simnyooshei mtu kidole kwa msiba ule. Nasema tu kwamba aliye chini hulala akitegemea kwamba kuna mtu huko juu anayefikiria maji yanaenda wapi.

Tujiulize hata sisi kama kanisa. Kesha letu la Ijumaa ni baraka kwetu. Spika zimeelekezwa kwa nani? Kuna mgonjwa hapo nyuma? Kuna mtoto wa mtihani? Na wewe unayemlipa msichana wa nyumbani tarehe 15 kwa sababu nawe mshahara wako umechelewa, na ilhali pesa za kukopa unazo za harusi ya rafiki: maji yako yanaenda kwa nani?

Bwana wetu aliletewa maji ya watu wote. Matusi, uongo, mijeledi, hukumu isiyo ya haki, kila mmoja alimsukumia mwenzake mpaka yakamfikia Yeye. Na hakuyapitisha kwa mtu. Yalisimama hapo. Ndiyo sababu sisi tuko salama chini ya msalaba. Mtu aliyeokolewa kwa namna hiyo hawezi kuishi kana kwamba kazi yake ni kuchimba mitaro ya kuelekea kwa jirani.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:

1. Ni shida gani uliyoiondoa kwako mwaka huu? Ilienda wapi?
2. Ni nani "wa juu" ambaye unaogopa kumwendea, na ni nani "wa chini" anayelipa kwa sababu ya woga huo?
3. Ni gharama gani unayoweza kuibeba juma hili ili jambo likome kwako?

Tuombe: Ee Bwana, tufundishe kuangalia nyuma tukishakunywa. Tupe ujasiri wa kupanda kwa aliyetukosea, na huruma kwa aliye chini yetu asiyejua kitu. Katika jina la Yesu. Amina.