Kijana Aulizwe Kwanza

Wazazi wenye mtoto mwenye ulemavu wa akili hubeba swali wasilolitamka mbele za watu: nikifa, huyu atabaki na nani? Nililisikia Matema, wilayani Kyela, kwenye soko la vyungu la Jumamosi, kwa mama aliyekuja na kijana wake. Kijana alikuwa akipanga vyungu vya Wakisi vilivyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vikubwa nyuma, vidogo mbele, bila kuelekezwa. Wateja walimuuliza mama bei. Yule kijana bei alikuwa anaijua.

Amevuka miaka 18. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, utoto wake umekwisha, na mzazi hamsemei tena kwa sababu tu amemzaa. Hapo ndugu hushauri waende mahakamani wakaombe msimamizi. Njia ipo: Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mahakama kuteua msimamizi wa mali ya mtu mwenye maradhi ya akili.

Sikatai kwamba mali inahitaji ulinzi. Kakao ya Kyela huuzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika, na malipo hupita benki. Baba akifariki, shamba la kijana asiyeweza kusoma karatasi laweza kuhamia kwa baba mdogo kabla matanga hayajaanuliwa.

Ninachokataa ni kumkabidhi mtu mzima maisha yake yote kwa mwingine kwa sababu tu saini inahitajika. Anayesimamia shamba asipewe pia neno la mwisho juu ya mahali kijana atakapoishi, atakayemwoa au kazi atakayoifanya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 12 inataka mwenye ulemavu asaidiwe kuamua. Peru ilibadili sheria zake mwaka 2018, mhusika akapewa nafasi ya kuchagua wasaidizi wake mwenyewe.

Kusaidiwa na wengi si jambo geni kwetu. Zamani wavulana wa Kinyakyusa wa rika moja walijenga kijiji chao pembeni mwa wazazi, wakafundishana kazi na adabu. Utu uzima ulikomaa kati ya wenzao. Kijana mwenye ulemavu naye anahitaji watu kadhaa, si bwana mmoja: dada, mwenzake wa rika, mzee wa kanisa. Wajulikane kwa ofisa ustawi wa jamii, na anayeshika fedha atoe hesabu mbele ya wengine.

Mzazi, usingoje mauti. Mwonyeshe kijana mipaka ya shamba, nenda naye benki, mwache ataje bei na apokee fedha. Na ndugu wakikaa kikao cha familia, awemo, na swali la kwanza aulizwe yeye.