Je, Yafaa Mwanadamu Kuhamia Mirihi?

 

Siku moja baada ya darasa ya fikihi hapa Pasua, kijana mmoja aliniuliza: "Maalim, ikiwa watu watahamia Mirihi, wataswali wakielekea wapi?" Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, kwani swali lake lina jawabu, na nyuma yake liko swali lingine lililo zito zaidi, ambalo hakuliuliza. Nataka katika kurasa hizi chache nijibu yote mawili.

Wala tusidhani kuwa mambo haya hayatuhusu. Mwaka 1962, Mmarekani John Glenn alipoizunguka ardhi, kituo cha Tunguu, Unguja, kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyofuatia chombo chake. Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini la Ngomeni, karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kuchunguza nyota, kikapewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Basi jambo lililopita mlangoni petu yatupasa kulijua hukumu yake.

Ama kibla, jambo lake ni jepesi. Mwaka 2007 tabibu wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipanda angani katika mwezi wa Ramadhani, na wanavyuoni wa nchi yake wakamwandalia mwongozo: aelekee Al-Kaaba akiweza, asipoweza, aelekee usawa wake, asipoweza, aielekee ardhi, asipoweza, aelekee popote. Na nyakati za swala ahesabu kwa saa za mahali alipoondokea. Hayo hayatoki nje ya msingi tuufundishao watoto, ya kuwa Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu asiloliweza. Masahaba nao walimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya siku itakayokuwa ndefu kama mwaka, akawaamuru wakadirie nyakati za swala. Siku ya Mirihi ni saa 24 na dakika 40 hivi, basi si tabu kuigawanya. Mwezi wa Ramadhani ndio wenye mashaka, kwani Mirihi ina miezi miwili midogo, na mmoja huchomoza magharibi na kutua mashariki yapata mara mbili kwa siku! Hiyo si miezi ya ibada yetu; atakayekuwa huko atafuata hesabu ya ardhi.

Sasa tuje kwenye swali zito. Je, yafaa mtu kwenda huko kukaa, azae huko, afe huko?

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa safari ni kitu kimoja na makazi ni kitu kingine. Sisi tukaao chini ya mlima huu twaijua tofauti hiyo. Kila mwaka watu hupanda Kibo, mita 5,895, mahali ambapo hewa ni kama nusu ya hewa ya pwani. Hufika, hutazama, kisha huteremka upesi. Hapana aliyejenga nyumba kileleni, wala hapana mtoto aliyelelewa huko. Na Kibo ni bustani ukiilinganisha na Mirihi. Uzito wa hewa ya Mirihi haufiki sehemu moja katika mia ya hewa yetu, na karibu yote ni ile hewa ya mkaa isiyovutika. Baridi yake, kwa wastani, ni nyuzi 60 chini ya sifuri. Safari ya kwenda ni kiasi cha miezi saba. Huko gunia la kilo 100 mpagazi angeliona kama la kilo 38. Labda mtu atasema, "Hiyo ni nafuu!" Lakini mifupa yetu hupata nguvu kwa kubeba uzito. Wakaao angani katika chombo, mahali ambapo uzito hausikiki kabisa, mifupa yao hupungua mwezi kwa mwezi, ijapokuwa hufanya mazoezi yapata saa mbili kila siku.

Mwaka 2012 kampuni moja ya Uholanzi, Mars One, ilitangaza kuwapeleka watu Mirihi safari isiyo na marejeo. Mwaka 2014 idara ya mambo ya Kiislamu ya Falme za Kiarabu ikatoa fatwa kuwa safari ya namna hiyo haijuzu, kwani ni kama mtu kujiua. Mwaka 2019 kampuni ikafilisika, na wala hakwenda mtu. Fatwa ile ilitazama nafsi ya msafiri. Mimi naona iko nafsi nyingine inayostahiki kutazamwa zaidi, nayo ni ya mtoto.

Imam Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu yetu, aliyefariki mwaka 1111, ametaja mambo matano ambayo Sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Msafiri mwenye akili timamu huenda akahatirisha nafsi yake kwa faida kubwa, kama afanyavyo mvuvi na baharia. Walakini ahamiaye hutaka kizazi, na kizazi hakikuulizwa. Hata leo hapana mtoto aliyezaliwa nje ya ardhi hii, wala hapana ajuaye mifupa na moyo wake vitakuwaje akikua chini ya uzito ule mdogo. Huenda akawa hawezi tena kusimama juu ya ardhi yetu. Basi huyo atazaliwa amekwisha kufungiwa njia ya Makka, na ya makaburi ya babu zake, na ya kila mvua.

Tazama, ndugu yangu, Sharia ilivyo kali katika jambo lililo dogo kuliko hilo. Vitabu vyetu, na Minhaj ya Imam Nawawi miongoni mwavyo, vyamkataza walii kuuza ardhi ya yatima, ila iwe kwa haja au kwa faida iliyo wazi. Hapa Uchagani kila mtu ajua uchungu wa mtoto aliyekua akakuta kihamba cha baba yake kimeuzwa na mlezi. Ikiwa kihamba chalindwa hivyo, je, mifupa yake na pumzi zake?

Ikiwa mtu atasema: "Mbona babu zetu walihama kwa majahazi, na masahaba walihamia Habasha na Madina?" Jawabu yake ni kuwa walihamia nchi ambazo Mwenyezi Mungu alikwisha kuziwekea hewa, maji na majirani, na njia ya kurudi haikufungwa. Jaafar bin Abi Talib alikaa Habasha miaka mingi, kisha akarejea akamkuta Mtume (S.A.W.). Huko Mirihi hewa itatoka katika mtambo, na mtambo una mwenyewe. Wazee wa mlima huu walichimba mifongo ya maji, na aliyeshiriki kuizibua alipata zamu yake. Mtume (S.A.W.) naye ametufundisha kuwa maji ni ya watu wote kwa ushirika. Je, mwenye mtambo wa hewa atamfanya nini mwenye deni? Mtu awezaye kukukatia pumzi amekwisha kukumiliki, hata akikuita raia.

Na akisema: "Ardhi inaharibika, yatupasa tupate nyumba ya pili," tutamjibu kuwa ardhi iliyoharibika kwa mikono yetu bado ina rehema kuliko Mirihi iliyo salama. Barafu ya Kibo imepungua zaidi ya robo tatu tangu mwaka 1912. Hata hivyo twavuta pumzi bila ya kulipa. Aliyeshindwa kutunza amana ya kwanza hastahiki kukabidhiwa ya pili kabla hajatubu.

Basi hukumu niionayo ni hii. Kwenda kutazama na kurejea, kwa elimu yenye manufaa, ni jambo la halali likitangulizwa tahadhari. Kwenda kukaa na kuzaa haifai, hata yathibiti mambo matatu: kwamba mtoto ataweza kuishi kwa afya, kwamba akitaka kurudi ataweza, na kwamba hewa na maji havitakuwa mali ya mtu mmoja. Yakithibiti hayo, hukumu itabadilika, kwani kilichokatazwa ni madhara.

Yule kijana nalimjibu hivi: "Kibla utakipata, mwanangu. Umtafute kwanza atakayeswali nyuma yako, umuulize kama ameridhika kuzaliwa huko."

Wallahu aalam.